Charles Fey: fundi wa saa za sarafu aliyetuachia dubwi

Mwezi unapokuwa mpevu, wavuvi wa dagaa wa Mwamgongo, kijiji kilicho kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, hulala nchi kavu. Mbalamwezi ikiangaza ziwa, taa za mitumbwi hazivuti dagaa. Ni siku ambazo kazi hakuna lakini mfukoni bado kuna chochote. Siku kama hizo ndizo dubwi, ile mashine ya kutumbukiza sarafu, huzipenda zaidi. Wasikilizaji wetu wa mwambao wametuuliza: nani aliianzisha?

Jibu linaanzia Ujerumani. August Fey alizaliwa mwaka 1862 huko Vöhringen, Bavaria, kitinda mimba katika familia ya watoto 16. Aliondoka nyumbani akiwa kijana mdogo, akapita Ufaransa, akafanya kazi ya ufundi London, kisha akavuka bahari kwenda Marekani. Mwaka 1885 alifika San Francisco. Huko aliugua kifua kikuu, akapona, akaoa, na akabadili jina kuwa Charles.

Wakati huo mashine za kamari zilikuwa tayari zimejaa kwenye vilabu vya pombe na maduka ya sigara. Nyingi zilitumia picha za karata, na mchezaji akishinda alilipwa na mwenye kilabu kwa bia au sigara, kwa sababu mashine yenyewe haikuweza kuhesabu ushindi. Katika miaka ya 1890 Fey alitatua tatizo hilo. Alitumia magurudumu matatu tu, akapunguza picha, akaweka springi na mkono wa kuvuta. Picha zikilingana, mashine ilitema sarafu yenyewe. Aliiita Liberty Bell, yaani Kengele ya Uhuru. Kengele tatu zikijipanga, mchezaji alipata zawadi kubwa kuliko zote: senti 50, yaani sarafu kumi za senti tano.

Hapa ndipo penye siri ya biashara nzima. Gurudumu moja lenye picha kumi lina nafasi kumi za kusimama. Matatu yakizunguka pamoja, kuna mipangilio 1,000. Kama kila gurudumu lina kengele moja, kengele tatu hukutana kwa wastani mara moja tu katika michezo 1,000. Michezo hiyo humeza dola 50. Zawadi ndogondogo hurudisha sehemu ya fedha hizo, lakini zote kwa jumla hupangwa ziwe pungufu ya kilichoingia. Mwenye mashine hana haja ya kumwibia mtu. Hesabu inamfanyia kazi.

Fey hakutaka kuuza mashine zake. Aliziweka kwenye vilabu na kugawana mapato nusu kwa nusu na mwenye kilabu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1905 moja iliibwa, na muda si mrefu kampuni ya Mills Novelty ya Chicago ikaanza kutengeneza mashine zinazofanana nayo kwa wingi. Mwaka 1906 tetemeko la ardhi na moto viliiteketeza karakana yake. Mwaka 1909 San Francisco ikapiga marufuku mashine hizo.

Kampuni hazikukata tamaa. Ili kukwepa sheria, mashine nyingine zilitoa ubani wa kutafuna wenye ladha za matunda, na picha za matunda zikachukua nafasi ya karata. Ndiyo maana hadi leo dubwi lina matunda na kengele.

Fey aliendelea na ufundi wake na kufariki mwaka 1944. Mbegu yake ilienea hadi kwenye michezo ya video. Jina Sega, linalojulikana na vijana wengi, limetokana na Service Games, kampuni iliyopeleka mashine za kamari kwenye kambi za jeshi la Marekani kabla ya Sega kuhamia michezo ya kompyuta.

Nchini Tanzania biashara hii inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003. Mashine lazima iwe na leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Mwenye duka anayemwacha mtoto wa shule asimame mbele ya dubwi anavunja sheria.

Magurudumu ya chuma sasa yamegeuka taa na programu, ila hesabu ya Fey haijabadilika. Mvuvi anaweza kushinda leo, na wapo wanaoshinda. Lakini ziwa likimnyima dagaa usiku huu, kesho linaweza kumpa. Dubwi limetengenezwa ili, kadiri mtu anavyolirudia, ndivyo libaki na kingi zaidi kuliko linachotoa. Ni vyema kulijua hilo kabla ya kutoa sarafu ya kwanza.