Siti binti Saad: Sauti ya Wasiosikizwa

Kila niwasikiapo watu wakijivunia nasaba, humkumbuka marehemu Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, kwa wazazi wenye asili ya utumwa, akapewa jina la Mtumwa. Alifinyanga vyungu, akavitembeza na kuvinadi kwa sauti. Mwaka 1911 alihamia mjini, na sauti ile ile ikampandisha hadi akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na kurekodi santuri kwa Kiswahili.

Lakini mimi simsifu kwa santuri tu. Wengi waliomsikiliza hawakujua kusoma. Nyimbo zake ndizo zilizokuwa gazeti lao. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja, muuaji akatorokea bara, wakashtakiwa wanawake waliomwalika, kwa kosa la pombe. Siti aliiimba kesi hiyo, na hadi leo jina la Kijiti, muuaji yule, halijasahaulika.

Siti alifariki 1950. Sisi waandishi tuna kalamu, na mara nyingi tunanyamaza. Yeye alikuwa na koo lake tu, wala hakunyamaza. Mola amrehemu.