Siti binti Saad: vyungu kichwani, pumzi kifuani

Dadangu, kama uko Mbwajumali na unadhani huwezi kupunguza mafuta mwilini bila jimu ya Mombasa, keti kidogo. Nina stori ya mwanamke ambaye jimu hakuikanyaga, na mapafu yake yalikuwa moto.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880. Baba Mnyamwezi, mama Mzigua, na jina alilopewa kwanza ni Mtumwa. Hebu fikiria kuitwa hivyo! Shule hakwenda. Kwao walikuwa wafinyanzi, na yeye ndiye aliyebeba vyungu kwenda kuuza.

Basi sikiza. Alizunguka kijiji hadi kijiji, mpaka mjini, na kutoka Fumba hadi mjini ni karibu kilomita 20. Mzigo kichwani, huku anaimba kuita wateja, sauti inasikika mbali. Wewe jaribu kupanda ngazi ukiimba, utaniambia. Moyo unasukuma damu mbio, mapafu yanavuta hewa, misuli inatumia oksijeni kuchoma sukari na mafuta. Na mafuta yakishachomwa, sehemu kubwa hutoka kwa pumzi, inayobaki hutoka kama maji. Kwa hiyo ile mikanda ya kufunga tumboni utoe jasho, achana nayo, utapoteza maji tu na utayanywa tena jioni. Tumbo peke yake pia huwezi kuliamrisha lipungue, mwili ndio unaoamua uanzie wapi.

Siti lakini hakutembea ili apungue. Alitembea ili wale. Hiyo ndiyo tofauti yake na sisi tunaoanza Jumatatu na kuacha Alhamisi kwa sababu mizani haijasogea.

Mwaka 1911, ndoa ikiwa imevunjika, akahamia mjini moja kwa moja. Ali Muhsin, mwanamuziki wa Ikhwani Safaa, akamfundisha kuimba taarabu na kupiga ala. Maneno ya Kiarabu aliyashika kwa kichwa, maana kusoma hakujua. (Sisi tulioacha chuo, hapo tunatabasamu.) Pumzi ya kuvuta wimbo mrefu alikuwa ameshaijenga njiani.

Mji haukumpokea kwa maua. Walimcheka sura, wakamcheka alikotoka, wakamtungia hata wimbo wa kumkejeli. Akawajibu kwa wimbo vilevile, kwamba uzuri wa sura si hoja, kilicho muhimu ni akili. Kisha akaendelea na kazi. Akaimba mpaka mbele ya Sultani. Mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na sauti ya muuza vyungu ikaenea mwambao mzima. Katika wimbo wa Kijiti aliimba habari za mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka, na mashahidi ndio wakafungwa.

Sasa turudi kwako. Wataalamu wa afya wanashauri angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani nusu saa siku 5. Kipimo hakihitaji saa ya bei: ukiweza kuongea lakini kuimba kukushinde, kasi inatosha. (Siti angekiharibu kipimo hiki, najua.) Toka alfajiri na shoga zako wawili watatu, buibui lako na viatu vya kukaza, shika njia ya Faza na urudi. Mchanga unachosha miguu kuliko lami, hiyo ni faida. Barazani watasema, na wiki ya tatu watachoka kusema. Chakula nacho kitazame, maana matembezi ya nusu saa huliwa na mahamri mawili tu.

Siti alifariki Julai 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Bi Kidude, aliyekuwa akimsikiliza tangu utotoni, aliendelea kuimba jukwaani mpaka uzeeni kabisa, akafariki 2013.