Al-Khwarizmi: Mwanachuoni aliyetufundisha kugawa kwa haki

NDUGU Waislamu, kila tunaposuluhisha mirathi ya vihamba hapa Moshi na huko miteremkoni mwa Kilimanjaro, twaona kuwa mara nyingi ugomvi hauanzii kwenye sheria bali kwenye vipimo. Ndiyo maana leo tunamkumbuka Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi.

Nisba yake ni ya Khwarizm, nchi ya Asia ya Kati. Aliishi takriban kati ya mwaka 780 na 850, akafanya kazi Baghdad katika Baytul Hikma, zama za Khalifa Al-Maamun aliyetawala tangu mwaka 813 hadi 833. Kwa kutiwa moyo na khalifa huyo alitunga kitabu cha al-jabr, yaani kurejesha kilichopungua, na al-muqabala, yaani kulinganisha pande mbili. Aliwakusudia watu wenye haja ya kugawa mirathi, kufanya biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Humo pia alifundisha milinganyo ya kipeo cha pili, akaithibitisha kwa michoro ya miraba.

Tuchukue mfano. Mzee wa Machame amefariki, warithi wake ni kijana mmoja na mabinti wawili tu. Baada ya madeni na wasia, kimebaki kihamba cha mita za mraba 4,800. Kijana atapata 2,400 na kila binti 1,200. Fungu la binti mmoja likatwe mstatili, urefu uzidi upana kwa mita 10. Je, upana ni mita ngapi?

Kwa njia ya Al-Khwarizmi, chukua nusu ya 10, ni 5. Izidishe kwa nafsi yake, ni 25. Ongeza 1,200, ni 1,225. Kipeuo chake cha pili ni 35. Ondoa 5, yabaki 30. Basi upana ni mita 30, urefu 40, na eneo 1,200 kamili.

Desturi ya Uchagani iliwapa ardhi watoto wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho. Qur'ani Tukufu, katika Suratun Nisaa, imemtajia binti fungu lake. Haitoshi kulikiri fungu hilo kwa ulimi kisha likapunjwa kwa kamba.

Mwaka 1145 Robert wa Chester alikitafsiri kitabu hicho kwa Kilatini. Neno aljebra limetokana na al-jabr, na algorithimu na jina la mtunzi mwenyewe.

Enyi wazazi, mtoto akiwaambia hesabu hizi hazina kazi, mpeni kamba akapime kihamba. Wallahu a'lam.