Mary Lou Williams: Mpiga Piano Aliyerudi Kwenye Kinanda Chake

Mara kwa mara vijana wa kwaya hutuuliza kama muziki wa dansi una mahali pake mbele za Mungu, au kama mtu aliyeokoka hana budi kuuacha kabisa. Badala ya kujibu kwa maneno mengi, tumeona afadhali tuwaletee maisha ya mama mmoja ambaye swali hilo lilimsumbua mno, hata akaacha kazi yake karibu miaka mitatu.

Mary Lou Williams alizaliwa tarehe 8 Mei, 1910, katika mji wa Atlanta huko Marekani. Mama yake alikuwa akipiga kinanda kanisani, naye alizoea kumpakata mtoto huyu wakati wa mazoezi. Husimuliwa kwamba siku moja, Mary Lou akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, vidole vyake vilirudia sauti zile zile alizokuwa amezisikia. Mama alishtuka hata akamwangusha, akatoka mbio kuwaita majirani. Lakini hakumtafutia mwalimu, kwa kuwa aliogopa mtoto asije akawa mtu wa kusoma noti tu, akasahau kusikiliza.

Baadaye jamaa hao walihamia Pittsburgh. Siku zile watu weusi wa Marekani walibaguliwa vibaya, na majirani weupe waliitupia nyumba yao matofali. Mtoto huyo alipoanza kwenda kuwapigia piano majumbani mwao, matofali yakakoma. Alikuwa bado mdogo sana, lakini alipiga kwenye karamu kwa malipo na kuwasaidia wazazi.

Akiwa bado kijana aliolewa na John Williams, mpiga saksafoni, na kwa njia hiyo akaingia katika bendi ya Andy Kirk iliyokuwa na makao yake Kansas City. Hapo ndipo alipojifunza kuandika noti. Katika miaka ya 1930 alikuwa mpiga piano wa bendi hiyo, na tena mtungaji na mpangaji wa nyimbo zake. Viongozi wa bendi kubwa kama Benny Goodman na Duke Ellington nao walitumia kazi za kalamu yake. Huku kwetu bendi nyingi za dansi zilijiita Jazz, kama Morogoro Jazz na Western Jazz, ingawa muziki wao ulikuwa wa namna nyingine. Jazi ya Marekani ilizaliwa na watu weusi wa huko, na kwa wapigaji wa kiume waliotawala kazi hiyo, mwanamke aliyewaandikia wengine noti alikuwa jambo la nadra.

Katika miaka ya 1940 alikaa Harlem, New York. Mlango wake ulikuwa wazi. Vijana kama Thelonious Monk, Bud Powell na Dizzy Gillespie walifika kwake usiku baada ya kazi, wakajifunza na kujaribu mambo mapya kwenye piano yake. Lakini mama huyu aliona pia madawa ya kulevya na pombe vikiwaangamiza wanamuziki mmoja mmoja. Aliona vilevile jinsi wengine walivyotajirika kwa kazi ya wapigaji waliobaki maskini.

Mwaka 1952 alikwenda Uingereza, kisha Ufaransa. Watu walimshangilia, lakini moyoni alikuwa amechoka. Usiku mmoja wa mwaka 1954, mjini Paris, aliinuka kwenye piano kazi ikiendelea, akaondoka. Hakugombana na mtu. Alikuwa hajui tena anapiga kwa ajili ya nini.

Akarudi New York, akaanza kusali kwa saa nyingi katika kanisa lililokuwa karibu na nyumba yake. Mwezi wa Machi 1955 Charlie Parker, mpiga saksafoni mashuhuri, alifariki akiwa na miaka 34, baada ya kuteswa kwa muda mrefu na madawa. Msiba huo ulimwumiza sana. Akawa anawachukua wanamuziki wagonjwa na maskini nyumbani kwake, akawalisha na kuwauguza, na fedha zake zikaisha. Alidhani kwamba kumtumikia Mungu maana yake ni kuiacha piano.

Mwezi wa Mei 1957 alibatizwa katika Kanisa Katoliki, pamoja na Lorraine, mke wa Dizzy Gillespie. Hapo ndipo mapadre waliomlea katika imani walipomshauri kinyume cha alivyotazamia. Walimwonyesha kwamba kupiga piano kwaweza kuwa sala yake, na kwamba kipawa alichopewa hakikuwa chake azike. Gillespie naye alimsihi. Julai ya mwaka huo huo alipanda tena jukwaani, pamoja na bendi ya Gillespie, katika tamasha la Newport.

Wale wagonjwa hakuwaacha. Mwaka 1958 alianzisha mfuko wa kuwasaidia wanamuziki, na kwa ajili yake akafungua duka la nguo za mitumba. Mwaka 1962 alitunga wimbo wa kumheshimu Martin de Porres, mtawa mweusi wa Lima, Peru, aliyewahudumia maskini na wagonjwa, ambaye mwaka huo alitangazwa mtakatifu. Kisha akatunga Misa tatu kwa sauti za jazi. Wako waliosema kwamba muziki wa vilabuni haufai altareni. Hakubishana nao sana, aliendelea kutunga na kuwafundisha watoto kuimba. Mwezi wa Februari 1975 Misa yake ilipigwa wakati wa ibada katika kanisa kuu la Mtakatifu Patrick, New York, naye mwenyewe akiwa kwenye piano.

Tangu mwaka 1977 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, hata saratani ilipommaliza nguvu. Alifariki tarehe 28 Mei, 1981, akiwa na miaka 71, akazikwa Pittsburgh, mji wa utoto wake.

Hatusemi kwamba kila wimbo wafaa kuletwa kanisani. Hilo lahitaji busara na sala. Lakini tumeona kwamba mama huyu hakupewa vidole vingine alipobatizwa. Vidole vilikuwa vile vile vilivyojifunza magotini pa mama yake, mbele ya kinanda cha kanisa. Kilichobadilika ni yule anayempigia. Basi kabla hatujamwambia kijana wetu avunje gitaa lake, tumwulize kwanza analipiga kwa ajili ya nani, na ni nani anayelishwa kwa jasho lake. Nasi wazee, ambao hatupigi chochote, tujiulize vivyo hivyo juu ya kazi za mikono yetu.