Denis Hills: mwalimu aliyejiigiza mwenyewe mbele ya Idi Amin wa sinema

Katika vibanda vya video vya Mbale, hasa upande wa Industrial ambako mafundi, wapakiaji na wachuuzi huingia kupumzika baada ya kazi, filamu mbaya haikimbiwi. Huangaliwa mpaka mwisho, kwa kuwa utamu wake hauko kwenye kioo bali kwenye benchi. Damu inayofanana na sharubati hushangiliwa, maiti anayepepesa macho huzomewa, na VJ anayesimulia huongeza chumvi yake pale mwongozaji alipopungukiwa. Mabishano huendelea hadi nje, kwenye rolex na chai.

Kati ya filamu za aina hiyo zinazoihusu Uganda yenyewe, pengine hakuna yenye mambo mengi ya kubishania kama ile ya mwaka 1981 juu ya kupanda na kuanguka kwa Idi Amin, iliyoongozwa na Sharad Patel na kupigwa nchini Kenya muda mfupi baada ya dikteta huyo kung'olewa. Ni filamu ya haraka, yenye kelele nyingi na subira ndogo. Amin wake, aliyeigizwa na Mkenya Joseph Olita, hufungua friji lenye vichwa vya watu. Lakini katikati ya mambo hayo hutokea mzee mmoja wa Kizungu ambaye haigizi kwa ufundi wowote. Huyo ni Denis Hills, na anaigiza nafasi ya Denis Hills.

Hills alizaliwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1913, akasoma Oxford, na katika miaka ya 1930 akaenda kuishi Poland, ambako alioa binti wa mshairi Bolesław Leśmian. Vita Kuu ya Pili ilipowaka alitumika pamoja na majeshi ya Poland, na mwaka 1944 alikuwa nayo kwenye mapigano ya Monte Cassino. Vita vilipokwisha alibaki Italia akiwahoji wafungwa waliotakiwa kurejeshwa Urusi kwa nguvu. Wengi wao kifo kilikuwa kikiwangoja huko. Yeye alitumia nafasi yake kupunguza orodha kadiri alivyoweza. Kwa hiyo kabla ya kuijua Afrika alikwisha kuwa mtu asiyeogopa kuwakera wakubwa, na tabia hiyo hakuiacha.

Baada ya kufundisha Uturuki alifika Uganda mwaka 1963, akawa mwalimu Makerere na baadaye katika chuo cha ualimu cha Kyambogo. Alipenda kutembea kwa miguu, kupanda milima na kuandika kila alichokiona. Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971 na kuwafukuza Waasia mwaka uliofuata, Hills hakuondoka. Aliandika kitabu kilichokuja kuitwa The White Pumpkin, ambamo alimlinganisha rais na Nero wa Roma na kumweleza kuwa mtawala wa kijijini aliyepewa nchi. Maneno hayo yalifika Ikulu kabla kitabu hakijafika madukani.

Alikamatwa Aprili 1975, na mwezi Juni mahakama ya kijeshi ikamhukumu kupigwa risasi. Malkia Elizabeth alimwandikia Amin barua, ikapelekwa na Jenerali Chandos Blair, aliyewahi kuwa kamanda wa Amin katika kikosi cha King's African Rifles chenye makao Jinja, akifuatana na Meja Iain Grahame. Amin aliwapokea huko Arua katika nyumba ya msonge yenye mlango mfupi, hata jenerali akalazimika kuinama ili aingie. Mwongozaji wa filamu angetunga tukio hilo, watazamaji wangesema ametia chumvi. Barua haikutosha. Ilibidi Waziri wa Mambo ya Nje, James Callaghan, aende mwenyewe Kampala Julai 10, na ndipo Hills akaachiliwa na kurudi naye nyumbani.

Miaka michache baadaye mtu huyo alikubali kuyarudia hayo mbele ya kamera. Kwa nini alikubali, yeyote anaweza kukisia; hakuwa mtu wa kukataa safari wala kisa. Na hakuwa wa pekee kutoka zama zile kuishia katika sinema ya kuchekwa. Binti mfalme Elizabeth Bagaaya wa Toro, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Amin mwaka 1974 kabla ya kufukuzwa kwa kashfa ya kubuniwa, alionekana mwaka 1984 akiwa mganga katika Sheena, filamu ya Kimarekani iliyopigwa Kenya na kupendekezwa kwa tuzo ya filamu mbovu kuliko zote za mwaka.

Kuicheka filamu ya Patel ni rahisi, na kicheko hicho si dhambi. Amin aliogopwa miaka minane. Kumwona akiwa kikaragosi kuna nafuu yake. Tatizo ni kwamba vichwa vya kwenye friji, ambavyo havikuthibitishwa kamwe, vinaziba yale yaliyothibitishwa. Na Mbale ina sababu yake ya kulisema hilo. Februari 1973 watu waliohukumiwa na mahakama ya kijeshi walipigwa risasi hadharani katika miji mbalimbali ya Uganda, umati ukiitwa kutazama. Mbale ulikuwa mmoja wa miji hiyo, na miongoni mwa waliouawa hapo alikuwa Tom Masaba, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi.

Masaba hakuandikiwa barua na malkia, wala hakuna waziri aliyepanda ndege kwa ajili yake. Hukumu ya mahakama ya namna ileile ilimpata Mzungu mmoja, akaokolewa, akazeeka, akalipwa kujiigiza. Filamu haina muda wa tofauti hiyo. Benchi linao, iwapo yupo mzee wa kusimulia na vijana wa kuacha kucheka kidogo wamsikilize, na mara nyingi ubovu wa filamu ndio unaomfungua mzee kinywa: huanza kwa kusahihisha sare za askari, kisha huendelea.

Hills mwenyewe alikwenda Rhodesia, akaandika juu ya siku za mwisho za utawala wa walowezi, akarudi Poland akiwa mzee, na mwaka 1992 akachapisha kumbukumbu zake alizoziita Tyrants and Mountains. Amin, ambaye hakufikishwa mahakamani, alifariki Jeddah, Agosti 2003. Hills alifariki Aprili 2004 akiwa na miaka 90.