Mtakatifu Tomaso wa Akwino na Mlango Uliofungwa Paris



Kila tarehe 28 Januari Kanisa huadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, Padre na Mwalimu wa Kanisa. Sisi tuliopita seminarini tumezoea kumtazama kama mlima wa elimu usiotikisika. Lakini yupo pia Tomaso kijana, mwanafunzi wa taalimungu aliyetimiza yote aliyotakiwa, kisha wasomi wa Paris wakakataa kumpokea katika chama chao.

Tomaso alizaliwa yapata mwaka 1225 huko Roccasecca, kati ya Roma na Napoli, katika jamaa ya kikabaila. Angali mtoto wazazi wake walimpeleka kwenye monasteri ya Monte Cassino, wakitumaini kwamba siku moja angekuwa abate wake. Aliposoma Napoli alichagua njia nyingine: mwaka 1244 alijiunga na Shirika la Wahubiri, yaani Wadominikani, watawa walioishi kwa sadaka za watu. Ndugu zake walimteka njiani wakamzuilia kwa takriban mwaka mzima, wala hakukubali kuuacha wito wake. Alipoachiliwa alikwenda kusoma kwa Mtakatifu Alberto Mkuu, hata huko Köln, Ujerumani.

Mwaka 1252 wakubwa wake walimrudisha Paris ajiandae kuwa mwalimu. Chuo kikuu cha siku zile hakikuwa majengo. Kilikuwa hasa chama cha walimu pamoja na wanafunzi wao. Aliyetaka kufundisha taalimungu kwa mamlaka kamili ilimpasa kufafanua Maandiko Matakatifu na kitabu cha Sentensi cha Petro Lombardo, kisha apewe leseni na Kansela wa Kanisa Kuu la Notre-Dame, na mwishowe apokewe na walimu wenzake katika chama chao. Leseni ilitoka kwa Kansela, lakini nafasi katika chama ilikuwa mikononi mwa walimu. Hapo ndipo Tomaso alipokwama.

Uhasama kati ya walimu wanajimbo na watawa ulikuwa wa siku nyingi, ukawaka upya mwaka 1253. Mwanafunzi aliuawa katika vurugu na walinzi wa mji, na walimu wakasimamisha masomo ili kudai haki. Wadominikani na Wafransisko waliendelea kufundisha. Walimu wakawafukuza chamani, wakaweka sharti kwamba asipokewe yeyote asiyeapa kuzishika kanuni za chama. Tuwe waadilifu: malalamiko yao hayakuwa ya bure. Anayetaka heshima ya chama hana budi kuubeba na mzigo wake. Ila chuki ilivuka mpaka. Mwalimu mmoja, Gulielmo wa Saint-Amour, aliandika kitabu akiwahesabu watawa wenye kuombaomba kuwa hatari ya nyakati za mwisho. Hali ilichafuka hata Mfalme Ludoviko IX akaweka wapiga upinde kuilinda nyumba ya Wadominikani.

Katikati ya tufani hiyo, mwaka 1256, Tomaso aliamriwa kuchukua kiti cha ualimu. Alikuwa na miaka kama 31, ilhali kanuni zilidai 35. Mapokeo yasimulia kwamba alijiona hafai, akasali kwa machozi, na usingizini akajiwa na mtawa mzee aliyempa mada ya hotuba yake ya kwanza kutoka Zaburi: Mungu anayeinywesha milima kutoka juu. Hotuba yenyewe tunayo. Humo alifundisha kwamba kama mvua inavyoshuka mlimani kisha ikatiririka bondeni, ndivyo hekima ya Mungu inavyowafikia wasikilizaji kupitia walimu; na kwamba hakuna mwalimu anayeitosha huduma hiyo kwa nguvu zake mwenyewe, bali huiomba kwa Mungu.

Alianza kufundisha, lakini chama kilibaki kimefungwa kwake. Mwenzake Mfransisko, Mtakatifu Bonaventura, alikataliwa vilevile. Tomaso hakurudisha tusi kwa tusi. Aliandika kitabu kuutetea utawa, akizipanga hoja za wapinzani wake moja baada ya nyingine na kuzijibu kwa Maandiko na mafundisho ya Mababa wa Kanisa. Baba Mtakatifu Aleksanda IV alikilaani kitabu cha Gulielmo na kuwashurutisha walimu wafungue mlango. Mwaka 1257 Tomaso na Bonaventura walipokewa pamoja. Kwa Bonaventura heshima hiyo ilikuja imechelewa: alikuwa amekwisha kuchaguliwa kuliongoza shirika lake lote.

Tomaso alifundisha Paris hadi 1259, na tena kati ya 1268 na 1272. Alifariki tarehe 7 Machi 1274 katika monasteri ya Fossanova, akiwa safarini kwenda Mtaguso wa Lyon. Miezi miwili haikupita, walimu wa kitivo cha sanaa cha Paris wakawaandikia Wadominikani barua ya maombolezo, wakiomba mifupa yake izikwe mjini mwao. Chuo kilichosita kumpa kiti akiwa hai, sasa kilitamani walau kaburi lake. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1323, na Mwalimu wa Kanisa mwaka 1567.

Wapendwa, wapo vijana wetu, mapadre, watawa na walei, wanaosomea taalimungu na kubisha hodi katika vyama vya wasomi. Ni vema wabishe hodi, kwa maana elimu hukua katika ushirika, na fikra isiyosahihishwa na wenzake hupotoka upesi. Wakipokewa, waubebe mzigo wa ushirika huo pamoja na heshima yake. Wakikataliwa, wamkumbuke Tomaso: aliwasikiliza waliompinga hata akaweza kuzieleza hoja zao kwa usahihi, na hakungoja kiti ndipo aanze kazi. Tuulize dhamiri zetu pia, sisi tulio ndani ya vyama, kamati na halmashauri za parokia: ni nani tunayemwacha mlangoni kwa sababu tu si wa kundi letu?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, utuombee.