Paul Robeson, mwimbaji aliyeachwa nje ya karamu



Katika namba hii tunawaletea maisha ya mtu ambaye wengi kati yetu hatukujua hata jina lake mbele ya kuanza kutafuta habari zake. Huyo ni Paul Robeson, Mmarekani mweusi. Alikuwa mwimbaji, mchezaji wa tiatre na sinema, mcheza mpira, mwanasheria, tena mpenzi wa lugha. Alijifunza hata Kiswahili hiki tunachoandika hapa. Lakini tumemchagua zaidi kwa jambo moja: namna alivyoimba katika vyuo vikuu vya kwao, na namna wanafunzi walivyokuja kumsikiliza, wakati wa heshima yake na wakati wa taabu yake. Sisi tunaoimba katika korali ya shule, hii habari inatugusa.

Mtoto wa mchungaji

Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa katika jimbo la North Carolina. Alipokuwa kijana wa miaka 15 hivi alitoroka, akaenda kaskazini, akasoma kwa shida mpaka akawa mchungaji wa kanisa la Presbyterian la watu weusi pale Princeton. Mama yake, Maria Louisa, alikuwa mwalimu wa shule. Mwaka 1904 moto wa jiko ulishika nguo zake, akafa kwa vidonda vya moto. Paul alikuwa hajatimiza miaka sita. Basi baba ndiye aliyemlea.

Yule mzee alikuwa mkali kwa mambo ya masomo. Kupita wengine darasani hakukumtosha. Alitaka mtoto afike mwisho wa nguvu zake mwenyewe. Tena alimzoeza kusimama mbele ya watu na kutamka kila neno wazi wazi. Ile sauti ambayo dunia ilikuja kuisikia ilianza pale, nyumbani na kanisani.

Princeton palikuwa na chuo kikuu kikubwa, chenye sifa mpaka Ulaya. Lakini hakikupokea vijana weusi. Bill, ndugu mkubwa wa Paul, alikuwa na akili nyingi sana, na baba akajaribu kumwombea nafasi. Mlango haukufunguliwa. Hilo jambo Paul hakulisahau.

Katika chuo cha Rutgers

Mwaka 1915 Paul alishinda mtihani wa jimbo, akapata kulipiwa masomo katika chuo cha Rutgers, si mbali na kwao. Chuo kile kilianzishwa mwaka 1766, na katika miaka ile yote yeye alikuwa mwanafunzi mweusi wa tatu tu.

Alitaka kucheza mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono na kugongana. Siku ya kujaribiwa, wenzake wazungu wakamwangukia kwa makusudi. Walimvunja pua, wakamtegua bega, na aliporudi siku nyingine mmoja akamkanyaga mkono kwa kiatu cha misumari. Yeye akaendelea kurudi. Nyuma yake alihesabiwa kati ya wachezaji bora wa nchi nzima, mwaka 1917 na mwaka 1918. Darasani vilevile alikuwa wa mbele, na mwaka 1919 ndiye aliyechaguliwa kusema kwa niaba ya wenzake siku ya kumaliza. Baba yake hakumwona siku ile. Alikuwa amekufa mwaka 1918.

Sasa tufike kwa korali. Chuo kilikuwa na korali ya wanafunzi, na Paul alikuwa na sauti nene, ya chini, kupita wote. Waliimba naye ndani ya chuo, ndiyo. Lakini hakuwa mwanachama kamili. Sababu gani? Kwa desturi yao, mwanachama alipaswa kuhudhuria karamu na dansi pamoja na wageni, na karamu zile zilikuwa za wazungu tu. Ni kusema, sauti yake ilikaribishwa, yeye mwenyewe hapana. Ili apate pesa kidogo za matumizi, akawa anaimba peke yake nje ya chuo.

Tumefikiri sana juu ya hilo. Kumpiga mtu uwanjani ni ubaya unaoonekana. Hata mtoto anaujua. Lakini kufurahia wimbo wa mtu, halafu kumfungia mlango wakati wa chakula, huo ni ubaya wenye adabu, na watu wengi hawauoni.

Toka sheria mpaka tiatre

Nyuma ya Rutgers akaingia shule ya sheria ya chuo kikuu cha Columbia, New York. Alilipa masomo kwa kucheza mpira wa mshahara. Mwaka 1921 akamwoa Eslanda Goode, bibi mwenye akili na bidii, ambaye ndiye aliyemsukuma kwenda upande wa tiatre. Alimaliza sheria mwaka 1923, akapata kazi katika ofisi ya wanasheria. Siku moja karani mzungu akakataa kuandika maneno yaliyosemwa na mtu mweusi. Robeson akaona mbele yake kuna ukuta, akaiacha ile kazi.

Tarehe 19 Aprili 1925, katika tiatre ya Greenwich Village huko New York, alifanya jambo ambalo halikuzoewa. Alisimama karibu na piano, mpiga piano akiwa Lawrence Brown, na usiku mzima wakaimba nyimbo za watu weusi tu, nyingi zikiwa zile za kanisa zilizotungwa na watumwa. Tiketi zote ziliuzwa. Nyimbo ambazo baba yake alizijua toka siku za utumwa, sasa ziliketi pamoja na muziki mkubwa wa Ulaya, bila kuona haya.

Halafu ikaja Show Boat, mchezo wa kuimba uliotungwa na Jerome Kern na Oscar Hammerstein. Robeson aliucheza London mwaka 1928, New York mwaka 1932, na katika sinema mwaka 1936. Wimbo wake mmoja, Ol' Man River, unahusu mto mkubwa unaopita bila kujali taabu za wanadamu. Tangu pale, popote alipokwenda kuimba, watu waliungoja huo. Kidogo kidogo yeye akabadili maneno yake. Mahali ambapo mwimbaji alichoka na kuogopa kifo, akaweka mtu anayeamua kupigana. Basi wimbo wa tiatre ukawa wimbo wa mtu anayesimama.

Siku zile za konseri

Waliomsikia wameacha habari nyingi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega mapana, lakini alisimama kwa utulivu. Wakati mwingine aliweka mkono nyuma ya sikio ili asikie sauti yake vizuri. Lawrence Brown, akiwa kwenye piano, alimwitikia kwa sauti yake nyembamba, kama vile kiongozi na waitikiaji wetu. Robeson aliimba kwa lugha nyingi, na mara kwa mara alieleza wimbo umetoka kwa watu gani.

Mwaka 1935 aliimba Princeton, mji wake wa kuzaliwa, katika tiatre ya McCarter, ambayo ilijengwa kwa ajili ya michezo ya wanafunzi wa chuo kikuu kile kile. Mkifikiri, ndugu: chuo kilichomfungia ndugu yake kilikuwa bado hakipokei vijana weusi, na watu wakaujaza ukumbi ili wamsikilize mtoto wa mchungaji mweusi. Usiku ule mwalimu mkubwa Albert Einstein alikuja kumsalimu nyuma ya jukwaa. Urafiki wao ukaendelea miaka mingi.

Mwaka mmoja mbele ya hapo, London, Robeson aliingia shule ya lugha za Mashariki na Afrika, akajifunza Kiswahili na elimu ya matamko. Huko London alijuana na Jomo Kenyatta, na wote wawili wanaonekana katika sinema moja ya mwaka 1935. Sinema ile ilikuja kuwasifu watawala wa kikoloni, na Robeson aliijutia sana. Eslanda, yeye, alitembea Afrika mara kadhaa, na mwaka 1946 alifika Kongo yetu.

Mwaka 1943 Robeson alicheza Othello wa Shakespeare huko New York. Mchezo ulionyeshwa mara 296, na hakuna mchezo wa Shakespeare uliokuwa umefikia hesabu hiyo katika tiatre kubwa za mji ule. Vyuo vikampa heshima: Rutgers mwaka 1932, Hamilton mwaka 1940, Morehouse mwaka 1943, Howard mwaka 1945.

Lakini hakukubali tena sauti ipokewe na watu wakataliwe. Mwezi wa Februari 1942, mjini Kansas City, aliona kwamba weusi waliketishwa mbali na wazungu. Akasimamisha konseri, akawaambia watu kwamba anaendelea kwa kupinga jambo hilo. Wazungu kadhaa wakatoka. Yeye akaimba mpaka mwisho.

Milango inafungwa

Mwezi wa Machi 1947 aliimba katika chuo kikuu cha Utah, mjini Salt Lake City. Mwisho akaimba wimbo wa Joe Hill, mtetezi wa wafanyakazi aliyeuawa na serikali ya jimbo lile lile mwaka 1915. Ukumbi ukanyamaza. Hapo akatangaza kwamba anaacha konseri za kawaida, za kuimbia watu wenye pesa. Tangu siku ile ataimba kwa vyama vya wafanyakazi na kwa rafiki zake wa vyuo, mahali anapoweza kuimba anachotaka.

Haikukawia, milango ikaanza kufungwa. Katika Albany, mwaka ule ule, wakuu wa elimu walimnyima ukumbi wa shule. Mahakama ikaamua aimbe, lakini asiseme neno. Mwaka 1949, karibu na Peekskill, watu wenye hasira waliwapiga kwa mawe na fimbo wale waliokuja kwa konseri zake. Mwaka 1950 serikali ikamnyang'anya pasipoti. Kumbi kubwa zikamkataa, redio zikanyamaza. Mapato yake, ambayo yalipita dola 100,000 kwa mwaka, yakashuka mpaka elfu chache. Hata kitabu kimoja cha historia ya mpira kiliacha jina lake katika orodha ya wachezaji bora.

Watu waliompenda hawakumwacha wote. Tarehe 18 Mei 1952 alipanda juu ya lori kwenye mpaka wa Marekani na Kanada, akaimba bila kuvuka, na maelfu wakasimama pande zote mbili. Mwaka 1955 wanafunzi wa chuo cha Swarthmore wakampokea na kumsikiliza. Kwa mwanafunzi wa siku zile, kuonekana katika konseri ya Robeson hakukuwa mchezo. Jina lako lingeweza kuandikwa na polisi, na kazi ukaikosa kesho. Mwaka 1957 wachimba makaa wa Wales walimsikia kwa waya wa simu uliopita chini ya bahari. Mwaka 1958 mahakama kuu ilikata neno katika kesi za wengine, na pasipoti yake ikarudishwa.

Haifai tumsifu bila kusema kosa lake. Robeson aliipenda Urusi, kwa sababu kule alipokewa kama mtu mzima. Lakini aliisifu serikali ya Stalin, akapokea zawadi yenye jina la Stalin, na hata mauaji mengi ya mtawala yule yalipojulikana, hakuyakataa waziwazi. Mtu aliyesimamisha konseri kwa sababu ya viti, alinyamaza kwa sababu ya makaburi. Sisi tunaona huzuni hapo. Labda aliogopa kuwapa silaha adui za watu wake. Hata hivyo ukimya wake ulikuwa mzito kwa wale walioteswa kule.

Mwisho wake

Ugonjwa ulimshika katika miaka ya 1960. Eslanda alikufa mwaka 1965. Robeson alikufa Philadelphia tarehe 23 Januari 1976, akiwa na miaka 77. Walimwaga katika kanisa la Harlem ambalo ndugu yake Benjamin alikuwa mchungaji wake kwa miaka mingi.

Mwaka 1995 jina lake liliingizwa katika nyumba ya heshima ya wachezaji wa mpira wa vyuo. Mwaka 2019, miaka 100 tangu alipomaliza masomo, Rutgers ilifungua uwanja wenye jina lake ndani ya chuo. Wanafunzi wa kila rangi wanapita pale, wanaketi, wanakula pamoja.

Basi, ndugu wasomaji, tunamalizia na ile karamu. Korali ya Rutgers ilipenda sauti ya Robeson bila kumpenda Robeson. Katika shule yetu pia kuna mwenzetu anayetufanyia hesabu, mwingine anatufungia mabao, mwingine anatuongozea wimbo. Tunawapigia makofi. Je, saa ya kula tunakaa nao? Tuliandika maisha haya tukijiuliza neno hilo, na jibu letu wenyewe halikutufurahisha sana. Tunawaachia nanyi mjiulize.